Mcheke, Lakini Mpe Naye Zamu

Ndugu wasikilizaji, habari za jioni.

Najua mmekwisha kujibu kwamba ni nzuri, hata yule ambaye gari lake limelala kwa fundi, na yule ambaye tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni. Jibu hilo mimi lilinichukua miaka mingi kulijua. Nilipokuwa na umri wa miaka sita, mgeni akifika kwetu na kuniuliza, "Habari za hapa nyumbani?", nilimpa habari zote bila kubakiza. Siku moja nilimjibu mama mmoja wa mtaa wa pili hivi: "Baba anaumwa jino, mchele umekwisha tangu juzi, na mama amesema ukija wewe tuseme hayupo." Mama yangu alikuwa nyuma ya pazia. Mgeni aliangua kicheko, mama naye akatoka akiwa na aibu, akacheka, na mwisho wakanywa chai pamoja. Mimi nilibaki nimesimama nikijiuliza kosa liko wapi. Mtu ameomba habari, nimempa habari.

Leo nataka kuzungumza juu ya kicheko cha namna hiyo. Nimesukumwa na barua niliyoletewa na msikilizaji mmoja, mama wa mtoto wa kiume wa miaka tisa. Mtoto huyo ana usonji. Mama anaeleza kwamba nyumbani kwao walikuwa na wageni, simu ikawa inaita mfululizo, na mjomba mtu akamwambia mtoto, "Hebu kata simu hiyo!" Mtoto aliinuka kwa utii, akaenda jikoni, akarudi na kisu, akauliza, "Nikate upande gani?"

Wageni walicheka mpaka machozi yakawatoka, na mama mwenyewe alicheka. Mtoto akaweka kisu mezani, akaingia chumbani, akajificha uvunguni mwa kitanda, wala hakutoka mpaka usiku. Mama anasema hakupata usingizi. Anauliza: "Je, nilimcheka mwanangu? Na kama jambo lenyewe lilichekesha kweli, nilipaswa kufanya nini? Nijizuie?"

Swali hili ni zito, na mama huyu hakukosea kuliuliza kwangu. Wanaonisikiliza mara kwa mara wanajua kwamba mimi mwenyewe ni mtu mwenye usonji. Niliambiwa hivyo mwaka 2014, nikiwa na miaka 38. Dada yangu alikuwa amempeleka mwanawe kupimwa, akawa anarudi nyumbani na orodha ya dalili. Mama alipoisikia ikisomwa alimkatiza akasema, "Huyo si mwanao unayemsoma. Huyo ni kaka yako." Nami nikaenda kupimwa. Mama hakuwa amekosea.

Kwa wale ambao neno ni geni kwao, usonji si wendawazimu, si laana, wala si matokeo ya malezi mabaya. Ni namna ambavyo ubongo wa mtu umejengeka tangu utotoni, ikamfanya apokee sauti, mwanga, maneno na desturi za watu kwa njia iliyo tofauti na ya wengi. Wapo wasiosema kabisa, na wapo kama mimi ambao kazi ni kuwanyamazisha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 alikuwa na usonji. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kama mtaa wako una watu elfu moja, yumkini unawafahamu kadhaa, ingawa huenda unawaita kwa majina mengine.

Baadhi yetu tuna tabia ya kulichukua neno kama lilivyo. Jambo hili lilionekana tangu mwanzo. Mwaka 1943 daktari mmoja wa Baltimore, Marekani, aitwaye Leo Kanner, alichapisha maelezo ya watoto 11. Wa kwanza alikuwa Donald, mtoto wa jimbo la Mississippi. Baba yake alitaka kumfundisha kusema ndiyo na hapana. Akamwuliza kama anataka kubebwa mabegani, akamwambia, "Ukitaka sema ndiyo, usipotaka sema hapana." Donald akasema ndiyo, akabebwa. Tangu siku hiyo, kwa muda mrefu, neno "ndiyo" kwake likawa na maana moja tu: nibebe mabegani. Mtoto mwingine katika maelezo hayo alimsikia baba yake akisema wana picha juu ya ukuta, akamsahihisha: picha ziko karibu na ukuta. Naye, ukifikiri vizuri, alikuwa na hoja.

Lakini msimsikitikie Donald. Alikua, akafanya kazi benki katika mji wake wa Forest, akaendesha gari, akacheza gofu, akatembea nchi nyingi, na alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89, huku watu wa mji wake wakimpenda.

Sasa, Kiswahili chetu kwa mtu wa namna yetu ni msitu wenye mitego. Tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga mswaki, na hakuna anayelia. Tunakata tamaa, tunakata shauri, tunakata tiketi, na hakuna kisu. Mtu anainuka kitini, anachukua kofia, anaelekea mlangoni, anasema "nakuja", kumbe anaondoka! Nikiwa mdogo neno hilo lilinitesa. Baba akisema "nakuja" mimi nilikuwa nikimwambia, "Baba, unakwenda." Alikuwa akirudi kunishika kichwa na kusema, "Haya, nakwenda ili nije."

Siku moja mama alikwenda dukani akaniambia, "Niangalizie maharage." Nikachukua kigoda, nikakaa mbele ya jiko, nikayaangalia. Niliyaangalia yalipochemka. Niliyaangalia maji yalipokauka. Niliyaangalia yalipoanza kutoa moshi. Mama aliporudi, jirani wawili walikuwa wameshafika na ndoo za maji, na mimi nilimweleza kwa fahari kwamba sikupepesa macho hata mara moja.

Ukubwa haukuleta tofauti kubwa. Miaka michache iliyopita nilipata kadi ya harusi iliyoandikwa kwamba sherehe itaanza saa 12:00 jioni. Mimi nilikuwa ukumbini saa 11:55. Niliwakuta vijana wawili wakipanga viti, nikawasaidia, maana kukaa bure si vizuri. Wageni walipoanza kuingia, saa 2:30 usiku, nilikuwa nimevua koti na mikono ya shati nimeikunja, na shangazi wa bibi harusi akaniagiza nimletee soda baridi. Nikampelekea. Akanipa shilingi 500. Ni harusi pekee niliyopata kuhudhuria nikarudi na faida.

Tena zipo siku tunapopigwa kwa rungu letu wenyewe. Nilipanda daladala baada ya kumsikia konda akiita, "Siti zipo, siti zipo!" Nikaingia, hakuna pa kuweka hata kiwiko. Nikamwambia konda, "Umesema siti zipo." Akanitazama, akasema, "Mzee, siti zipo. Ila zimekaliwa." Nikafikiri mwendo mzima, nikaona kijana yule hakusema uongo hata kidogo. Nilipokuwa nashuka nilimwambia hivyo, akacheka nami nikacheka. Kwa wiki nzima nilikuwa nikilikumbuka neno lile nacheka peke yangu.

Nimeyasema haya, ndugu wasikilizaji, ili mjue kwamba mambo yetu yanachekesha, nasi wenyewe twajua. Hans Asperger, daktari wa Vienna, aliandika mwaka 1944 kwamba watoto wa namna hii hawana mzaha, na kwamba hawauelewi, hasa mzaha ukiwa juu yao. Mimi si daktari, lakini nina swali. Ni mtoto gani duniani anayefurahia mzaha ulio juu yake, wakati hakuna aliyemweleza mzaha wenyewe ni upi?

Maana kipo na kicheko kingine. Nikiwa darasa la tatu, mwalimu mmoja, ambaye jina lake sitalitaja, alikasirika kwa sababu nilimsahihisha tarehe aliyoandika ubaoni. Akaniuliza, "Wewe unajiona nani?" Nikasimama, nikamjibu jina langu, jina la baba, jina la babu, na darasa ninalosoma. Darasa zima likapasuka kwa kicheko. Mwalimu akaona ni kiburi. Nilichapwa viboko sita, na kila kiboko kilipotua wenzangu walicheka upya. Wakati wa mapumziko walinifuata uwanjani wakiniuliza, "Wewe unajiona nani? Wewe unajiona nani?" Nami kila mara nilijibu, kwa sababu niliulizwa. Iliendelea hivyo siku nyingi. Mwisho nikaacha kujibu swali lolote shuleni, liwe la mwalimu au la mwanafunzi. Sikutamka neno darasani karibu mwaka mzima. Wengine wakasema mtoto huyu ni bubu.

Kwa hiyo mtoto wa msikilizaji wetu alipoingia uvunguni mwa kitanda, mimi nilijua amekwenda wapi. Nami nilikaa huko.

Aliyenitoa alikuwa mtani.

Baba yangu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, fundi cherehani hapa Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1988, nikiwa na miaka 12. Nyumba ilijaa watu. Wakubwa walinipita mmoja mmoja wakiniambia, "Jikaze, mwanangu." Nikajikaza. Nilikaza ngumi, nikakaza shingo, nikakaza tumbo na miguu, nikasimama hivyo chini ya mwembe tangu asubuhi mpaka karibu adhuhuri, mpaka mwili ukaanza kutetemeka na mzee mmoja akadhani nimeshikwa na degedege. Hakuna aliyenieleza kwamba maana yake ni nisilie. Kama wangeniambia hivyo ningewajibu kwamba machozi yenyewe yalikuwa hayajafika. Yalifika baada ya wiki tatu, nilipokuta tepu ya kupimia ya baba mfukoni mwa koti lake.

Jeneza lilipotolewa ndani, mzee mmoja Mzaramo, jirani yetu, akalala chali katikati ya lango. Wasikilizaji wengi wanafahamu kwamba Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Wazee husema utani huo ulitokana na safari za misafara ya zamani, Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo na kupita nchi ya Uzaramo. Na mtani msibani ana ruhusa yake. Mzee yule akapaza sauti: "Hatoki mtu hapa! Mnyamwezi huyu ana deni langu, shilingi elfu kumi! Anataka kutoroka kwa kujifanya amekufa! Kwanza nilipwe!"

Wakubwa wakaanza kutafuta fedha kidogo za kumpa, kama ilivyo desturi. Mimi sikuwa najua desturi hiyo. Nilichojua ni daftari la baba. Kila jioni nilikuwa nikimsomea madeni, na kurasa zake zote nilikuwa nazo kichwani. Nikatoka chini ya mwembe, nikaenda mpaka alipolala mzee, nikasema kwa sauti ambayo shuleni hawakuwa wameisikia kwa muda mrefu: "Si kweli, mzee. Baba hana deni lako. Jina lako limo ukurasa wa 14. Kushona suruali moja ya kaki, shilingi 350. Ulilipa 100 tarehe 6 Machi. Unadaiwa 250."

Pakawa kimya. Nilimwona baba mdogo akiinua mkono, nikafumba macho nikisubiri kofi. Nilidhani mambo ni yale yale ya darasa la tatu.

Halafu nikasikia kicheko kutoka upande wa akina mama. Alikuwa ni mama yangu. Tangu usiku wa kuamkia jana yake alikuwa hajanena neno wala kunywa maji. Alicheka huku analia, akajifunika kanga usoni na mabega yanatikisika, na waliomzunguka wakaanza kucheka naye, kisha uwanja wote. Mzee mtani akainuka, akajikung'uta vumbi, akaingiza mkono mfukoni, akatoa shilingi 300. Akanikabidhi mbele ya watu, akasema, "Mnyamwezi amekufa ameacha Mnyamwezi. Haya, nipe chenji yangu."

Nami nikaingia ndani kutafuta chenji. Ndiyo, ndugu wasikilizaji. Jeneza la baba yangu lilisubiri langoni wakati mimi napekua sanduku la cherehani natafuta shilingi 50. Nilipoleta, mzee akazihesabu, akalipisha jeneza njia, na yeye mwenyewe akawa wa kwanza kuliweka begani.

Baada ya arobaini mzee yule aliniita barazani kwake. Akaniambia kwamba nilichofanya siku ile ni utani halisi. Nikamwambia sikuwa natania, nilikuwa namdai. Akasema, "Najua. Ndiyo maana ulikuwa mzuri." Kisha akanifundisha kanuni, moja baada ya nyingine, kama mtu anavyofundishwa bao. Kanuni ya kwanza: mtani unamjua mapema, hazuki tu barabarani. Ya pili: mtani hanuni. Ya tatu: akikutania, ana deni kwako, na wewe unayo haki ya kumjibu, wala yeye hana haki ya kukuzuia. Ya nne: utani ukiisha, mnakula pamoja.

Nilimwuliza, "Wakinicheka shuleni huo ni utani?" Akafikiri kidogo, akaniuliza, "Wewe ukiwajibu, wanakubali kuchekwa?" Nikamwambia hapana, wananipiga. Akasema, "Basi huo si utani. Utani una zamu."

Mimi nimesoma vitabu vingi juu ya usonji tangu mwaka 2014, na sijaona maneno yaliyonifaa kuliko hayo matatu: utani una zamu. Mwaka 2012 mtaalamu mmoja wa Uingereza, Damian Milton, ambaye naye ana usonji, aliandika jambo ambalo mzee wetu angelielewa mara moja. Alisema kutoelewana kati yetu na watu wengine hakutoki upande mmoja. Sisi hatuwaelewi ninyi, ni kweli; lakini nanyi hamtuelewi sisi. Mtu anayesema "nakuja" huku anakwenda naye anachekesha, ukimtazama kutoka kwetu. Mtu anayeandika saa 12:00 akamaanisha saa 2:30, kisha akamshangaa aliyefika saa 12:00, huyo naye anachekesha sana. Tofauti ni kwamba ninyi ni wengi, na kwa sababu hiyo zamu ya kucheka imekuwa yenu siku zote.

Sasa namrudia mama aliyeniandikia. Dada yangu, mwanao alichekesha. Ukijizuia kucheka atauona uso wako umebadilika, asijue kwa nini, na hilo ni baya zaidi. Cheka. Lakini baada ya kucheka usimwache avuke peke yake. Mwite, mweleze neno kwa neno: "Mwanangu, tunasema kata simu, lakini maana yake ni kuzima mlio. Neno lenyewe ndilo la ajabu, si wewe. Kweli ukilifikiri linachekesha, sivyo?" Ukimweleza hivyo, kicheko nacho kinakuwa chake.

Kisha mpe zamu. Mwambie atafute maneno mengine ya Kiswahili yenye vituko kama hilo, na kila alipatalo akuletee mezani wakati wa chakula, awacheke ninyi nyote mnaoyasema bila kufikiri. Na yule mjomba aliyesema kata simu, naye siku hiyo awepo, akae, achekwe, asinune. Kama hawezi kuchekwa na mtoto, basi na yeye amuombe radhi, maana amechukua zamu isiyo yake.

Na kwa walimu wanaonisikiliza, nina ombi dogo. Mtoto akikujibu swali ambalo hukukusudia lijibiwe, kabla hujanyoosha mkono kuchukua fimbo, jiulize kama hakukutii barabara kabisa. Mwaka mmoja wa ukimya wa mtoto ni deni kubwa, na hakuna daftari linaloweza kulifuta.

Mama yangu sasa ni mzee. Siku hizi akinipigia simu huanza kwa kuniuliza habari za huku, kisha anaongeza haraka, "Za kweli, lakini." Hapo namweleza zote, kuanzia bomba linalovuja mpaka bei ya vitunguu, naye husikiliza mpaka mwisho. Halafu yeye hunipa zake, za kweli, na aghalabu mmoja wetu hucheka kwanza.

Ndugu wasikilizaji, naona fundi mitambo nyuma ya kioo ananionyesha vidole vitano, na safari hii najua si salamu. Dakika zangu zimekwisha. Basi, kama mnavyosema wenyewe mkiondoka: nakuja.